Nafsi nyingi si alama ya muuaji

Kwenye tamthilia za upelelezi, mtu mwenye nafsi zaidi ya moja mara nyingi ndiye muuaji: anainamisha kichwa, muziki unapanda, anainuka na sauti nyingine na macho ya kutisha. Hali halisi haiko hivyo. Ugonjwa huu, ambao mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani waliacha kuuita nafsi nyingi na kuuita mtengano wa utambulisho, kwa kawaida huhusishwa na mateso ya utotoni yaliyojirudia, na wagonjwa wengi hujidhuru wao wenyewe. Wala si skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo ya kweli.

Mabadiliko yenyewe, kutoka nafsi moja kwenda nyingine, aghalabu huwa madogo: mtu ananyamaza katikati ya sentensi, macho yanaganda kidogo, kisha anauliza jambo alilojibiwa punde. Wengi huficha. Mwigizaji anayetegemea lafudhi na nguo anapoteza kitu kikubwa zaidi, yaani pengo la kumbukumbu: kukuta kwenye simu ujumbe asiokumbuka kuuandika, na kujifanya anaukumbuka. Hapo ndipo kamera isogee, kwenye uso unaotafuta jibu. Mwandishi naye asifunge kesi kwa jina la ugonjwa. Mshukiwa huyu anahitaji ushahidi na sababu ya kuua, kama mshukiwa mwingine yeyote.