Nyuma ya Marilyn: jinsi ya kusoma historia ya umiliki wa picha za Warhol

Tarehe 9 Mei 2022, katika ukumbi wa nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York, dalali aligonga nyundo kwenye dola milioni 170. Kilichouzwa ni turubai ya mraba, kila upande sentimita 101.6, yenye uso wa mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe: nywele za manjano, midomo myekundu, nyuma yake buluu ya kijivu-kijani. Ni kazi ya msanii wa Marekani Andy Warhol ya mwaka 1964, na inajulikana kwa jina la Shot Sage Blue Marilyn. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba imeuzwa dola milioni 195.04. Watu wanaotuandikia huuliza ipi kati ya hizo mbili ni bei ya kweli.

Zote ni za kweli. Ile ya kwanza ndiyo dau lililoshinda. Ya pili ni dau hilo pamoja na ada ambayo mnunuzi hulipa nyumba ya mnada, na kwa viwango vya Christie's vya wakati ule unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Asilimia 26 ya milioni ya kwanza ni dola 260,000. Asilimia 20 ya milioni tano zinazofuata ni dola milioni moja. Milioni 164 zilizobaki zinatozwa asilimia 14.5, nazo zinazaa dola milioni 23.78. Jumlisha: ada milioni 25.04, malipo yote milioni 195.04. Kwa hiyo mtu akikutajia bei ya mnada, muulize kwanza kama ada imo. Makadirio ya kabla ya mnada, ambayo kwa Picha hii yalikuwa karibu dola milioni 200, kwa kawaida huwa hayajumuishi ada. Maana yake ni kwamba picha iliyovunja rekodi ya kazi za karne ya 20 mnadani iliuzwa chini ya matarajio ya wauzaji. Hilo halikupata vichwa vya habari.

Wauzaji walikuwa wakfu wa ndugu wawili wa Zurich, Thomas na Doris Ammann, wafanyabiashara wa sanaa. Thomas alifariki mwaka 1993, Doris mwaka 2021, na fedha za mauzo zilitengwa kwa ajili ya afya na elimu ya watoto. Aliyeshinda, akiwa amekaa humo humo ukumbini, alikuwa Larry Gagosian, mwenye majumba ya sanaa. Mtu wa kazi kama yake anaweza kununua kwa ajili yake au kwa niaba ya mteja, na mnada haumlazimishi kusema.

Lakini bei ndiyo sehemu rahisi. Kigumu ni kujua ulichonunua, kwa sababu picha hizi zilitengenezwa kwa njia iliyobuniwa kurudia. Mafundi wanaochapa fulana wanaifahamu vizuri: wavu umevutwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zimezibwa, wino unamwagwa juu na kusukumwa kwa ubapa wa mpira hadi upenye kwenye matundu yaliyoachwa wazi. Warhol alichukua picha ya matangazo ya filamu Niagara ya mwaka 1953, iliyopigwa na Gene Kornman, akaihamishia kwenye wavu wa namna hiyo. Alianza kuitumia baada ya Monroe kufariki Agosti 1962. Mwaka 1964 alitengeneza turubai tano za ukubwa mmoja, kila moja na rangi yake ya nyuma: nyekundu, chungwa, buluu hafifu, buluu ya kijivu-kijani na feruzi.

Vuli ya mwaka huo msanii Dorothy Podber aliingia kwenye karakana ya Warhol, akaona turubai zimeegemezwa ukutani, akauliza kama anaweza kuzipiga. Warhol alidhani anataka kuzipiga picha kwa kamera, akakubali. Podber akavua glavu, akatoa bastola mkobani, akafyatua risasi. Alipigwa marufuku kurudi. Kisa hicho ndicho kilichozipa jina, na nionavyo mimi kimesaidia bei zake kuliko wahakiki wengi.

Ukizifuatilia hizo tano utaona kwamba kupanda bei si sheria. Ile ya buluu hafifu mkusanyaji wa sanaa Peter Brant aliinunua mwaka 1967 kwa dola 5,000. Nyekundu iliuzwa mwaka 1989, soko likiwa limechemka, kwa zaidi kidogo ya dola milioni 4. Mwaka 1994 ikarudi sokoni na kupata milioni 3.6, yaani mwenye nayo aliikalia miaka mitano na kutoka na hasara. Ya chungwa ina safari inayosomeka vizuri zaidi: ilikuwa ya Leon Kraushar, wakala wa bima wa Long Island aliyejaza nyumba yake sanaa ya pop, ile inayotumia picha za matangazo na watu mashuhuri, wakati wengine wanaicheka. Alipofariki, mkusanyiko wake ulinunuliwa mwaka 1968 na Karl Ströher, mwenye viwanda wa Darmstadt, Ujerumani. Mwaka 1998 ikauzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola milioni 17.3, ikachukuliwa na mchapishaji S. I. Newhouse. Baada ya kifo chake mwaka 2017 ilinunuliwa na tajiri wa uwekezaji Ken Griffin nje ya mnada, kwa bei iliyoripotiwa kuwa karibu dola milioni 200. Kumbuka neno iliyoripotiwa. Bei ya mnada hutangazwa mbele ya watu, ilhali mauziano ya faragha tunayajua kwa kusimuliwa tu.

Hizo ni turubai. Mtu wa kawaida akiambiwa kuna "Marilyn ya Warhol" inauzwa, mara nyingi inayozungumziwa ni chapa za karatasi, na hapa ndipo watu huumia.

Mwaka 1967 Warhol alitoa seti ya chapa kumi za Marilyn kwa kampuni yake ya uchapishaji, Factory Additions. Kila karatasi ni mraba wa sentimita 91.4. Nakala ni 250 kwa kila rangi, pamoja na nakala 26 za msanii zilizowekewa herufi A hadi Z. Sahihi haipo mbele. Geuza karatasi: nyuma kuna sahihi ya penseli na namba iliyogongwa kwa muhuri wa mpira.

Kuanzia mwaka 1970 zikatokea chapa nyingine zilizofanana nazo sana kwa ukubwa na sura, zikiwa na jina la mchapishaji Sunday B. Morning. Nyuma yake kulikuwa na muhuri mweusi wenye maneno ya Kiingereza yanayomwambia mwenye karatasi ajaze sahihi yake mwenyewe. Zilizochapwa baadaye zina muhuri wa buluu. Warhol alipoletewa baadhi ya hizo azitie sahihi, aliandika kwamba si zake, kisha akaweka jina lake chini ya maneno hayo hayo. Karatasi ya namna hiyo ni nini sasa? Ina mwandiko wake halisi, unaokana kazi yenyewe. Soko limezipa bei yake, juu ya Sunday B. Morning za kawaida na chini ya zile za 1967. Kuziuza si kosa, mradi zitajwe zilivyo.

Kesi ya picha nyekundu za uso wa Warhol mwenyewe, za mwaka 1965, ni ngumu zaidi. Warhol alimpa mchapishaji wa majarida, Richard Ekstract, filamu za kuchapia, zikachapwa kwenye kiwanda bila Warhol kuwapo. Hiyo ilikuwa sehemu ya makubaliano yaliyompa Warhol vifaa vya video. Mtengenezaji filamu mmoja wa London alinunua moja mwaka 1989 kwa dola 195,000. Alipoipeleka kwenye bodi ya uthibitishaji ya kazi za Warhol ilikataliwa, na nyuma yake ikagongwa muhuri mwekundu wa kukataa. Akaipeleka tena, ikakataliwa tena. Alifungua kesi mwaka 2007, kisha akaiondoa mwaka 2010, na bodi yenyewe ilifungwa mwaka 2012 kwa sababu gharama za mawakili zilikuwa zinaila taasisi mama. Tangu hapo hakuna ofisi ya kupelekea picha ili ipewe jibu la mwisho. Kilichobaki ni karatasi: katalogi iliyokusanya chapa zake zote, risiti za jumba la sanaa, lebo za maonyesho, barua, katalogi za minada iliyopita.

Ndiyo maana wataalamu husoma orodha ya wamiliki kabla ya kuitazama picha yenyewe. Tunatafuta majina yanayofuatana bila pengo, miaka inayokubaliana na uhai wa watu hao, na namba ya nakala inayolingana na iliyoandikwa kwenye mnada uliopita. Maneno "mkusanyiko binafsi, Ulaya" si kosa, wapo wasiotaka kujulikana, lakini yakijirudia mara tatu mfululizo tunaanza kuuliza maswali. Cheti cha uhalali kilichotolewa na muuzaji mwenyewe hakiongezi kitu juu ya neno lake.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili limeshafika. Jumba la sanaa la Circle Art la Nairobi linaendesha mnada wa sanaa ya kanda hii tangu 2013, na kazi za marehemu zinarudi sokoni. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu kabla ya kifo chake mwaka 1972, na mtindo wake ukaendelezwa na watu wengi sana. Ubao ulioletwa kama wa mkono wake unahitaji kujibu maswali yale yale: nani aliununua kwake, mwaka gani, na nani aliufuata. Kama familia yako ina picha iliyonunuliwa Dar es Salaam enzi hizo, andika leo jina la aliyeinunua na alipoinunulia, piga picha ya mbele na nyuma, na uhifadhi risiti yoyote iliyobaki pamoja nayo.