Chaza Anakufa Akwariamuni: Shaba Husingiziwa Mengi

Chaza akifa Lubumbashi, hukumu hutoka kabla ya uchunguzi: ni shaba. Na nani atabisha? Tanuri la mji huu lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, kilima cha masalia yake bado kimesimama kando ya bomba la moshi, udongo wa mtaa wa Penga Penga umejaa madini hadi mimea mingi haioti, na mkoa wenyewe wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Mtu aliyemnunua Tridacna, yaani chaza wa bahari tunaowafuga, kwa pesa nyingi, akamngoja ashuke na ndege pale uwanja wa Luano, anahitaji mshtakiwa. Mshtakiwa yuko kila upande.

Shaba ni muuaji kweli, sikatai. Ila ni muuaji anayeacha alama wazi, na vifo vingi vya chaza havina alama hizo. Sisi wachache tunaofuga viumbe vya bahari katika mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote tungeokoa wengi kama tungeanza na maswali mawili kabla ya kutia chochote majini: nani mwingine anaumwa humo ndani, na chaza amedhoofika kwa kasi gani, saa, siku au miezi?

“Ni shaba iko mu maji”

Shaba haimchagui chaza peke yake. Inawapiga wote wasio na uti wa mgongo: konokono wanaanguka kutoka kwenye kioo na kulala kifudifudi wasiinuke, kamba wanakufa, matumbawe yanajikunja. Samaki, wakati huohuo, wanaogelea kana kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana shaba ni dawa yao: ugonjwa wa madoa meupe wa baharini, unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon, hutibiwa kwa shaba ya kiasi cha miligramu 0.15 hadi 0.25 kwa lita, na kiasi hicho samaki wengi hukivumilia. Kwa chaza ni sumu.

Basi kama konokono wako wanapanda kioo kila jioni, kamba wako wanadaka chakula, na chaza peke yake ndiye anayenyauka, iondoe shaba mwanzoni mwa orodha. Usiifute, iweke chini.

Ikiwa wote wanaumwa pamoja, tafuta shaba iliingilia wapi, na mara nyingi haikutoka mgodini. Akwariamu iliyonunuliwa kwa mtu mwingine ni mahali pa kwanza pa kuuliza: je, aliwahi kutibu samaki humo? Mawe ya chokaa na mchanga hunywa shaba wakati wa tiba na kuitoa polepole baadaye, maji yakiwa mapya kabisa. Halafu angalia vifaa: koki ya shaba nyeupe, skrubu ya pampu iliyopata kutu ya kijani, kibanio cha taa kilichodondokea ndani. Mwisho ni bomba la nyumba. Maji yaliyolala usiku kucha kwenye bomba la shaba huamka na shaba ndani yake.

Hapa ndipo watu hujibu: “Lakini tunayakunywa sisi na watoto!” Ndiyo, na hayawadhuru. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa shaba katika maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita, karibu mara kumi ya dozi ile ya kutibu samaki. Maji yanaweza kuwa halali kabisa kwa binadamu na yakawa kifo kwa konokono. Kwa hiyo, yawe ya REGIDESO, shirika la maji la Kongo, au ya foraji, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, maji ya kuchanganyia chumvi yapitie kichujio cha osmosi na risini ya mwisho, ile chembechembe inayonasa kilichobaki, na mita ya kupima vitu vilivyoyeyuka isome sifuri. Ikisoma 20 haitakuambia ni nini kimepita, lakini itakuambia kwamba kitu kimepita, na hiyo yatosha kubadili risini. Vipimo vya shaba vya dukani visikutulize sana: vimetengenezwa kwa ajili ya dozi za tiba, na shaba inayomdhoofisha chaza inaweza kuwa chini ya kile kinachoonekana kwa rangi.

“Maji ni mazuri, nilipima”

Ulipima saa ngapi? Hili ndilo swali ninaloliona likisahauliwa kuliko yote, na katika mji wetu ndilo lenye majibu mengi.

Mtu hupima saa nane mchana, taa zimewaka, pampu zinazunguka, jua la Katanga limepasha chumba. Nyuzi 26, safi. Usiku ule kuran, yaani umeme, inakatika. Kama ni Juni au Julai, nje kunaweza kushuka chini ya nyuzi 10, hita imezimika, na akwariamu ndogo inaanza kupoa saa baada ya saa. Asubuhi kuran imerudi, hita imefanya kazi yake, na mwenye nyumba anapoamka kipimajoto kinasoma 25. Anaapa kwamba maji hayakubadilika. Nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu. Ni kitu cha bei ndogo na kinasema ukweli kuliko mlinzi wa usiku. Oktoba mambo hugeuka: joto la chumba hupanda, maji hupita nyuzi 29 au 30, na chaza huanza kupauka kama matumbawe yanavyopauka, kwa sababu mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake haustahimili joto la muda mrefu.

Hewa nayo. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na pwani. Maji ya chumvi tayari hubeba pungufu kuliko maji matamu ya mtoni, na maji ya moto hubeba pungufu zaidi. Mchana mwani wa chaza hutoa oksijeni. Usiku unaivuta, kama vile samaki na bakteria wote humo ndani. Pampu ikisimama kwa muda wa saa tano usiku, hesabu inafikia mwisho alfajiri. Ukikuta samaki wanahema juu ya maji na chaza amefunga nusu, usitafute kimelea. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kujiwasha yenyewe kuran ikienda ndiyo “dawa” ya kwanza ningeinunua kabla ya chupa yoyote.

Chumvi pia hudanganya. Kiangazi chetu ni kikavu, maji huondoka haraka, chumvi inabaki. Anayejazia upungufu kwa maji ya chumvi anaongeza chumvi juu ya chumvi. Ujazie maji matamu yaliyochujwa. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo ya maji, na refraktomita yako, kile kifaa cha kupimia chumvi, ijaribiwe kwa kimiminiko cha kipimo hicho, wala si kwa maji matupu peke yake, maana inaweza kusema kweli kwenye sifuri na uongo kwenye 35.

(Anayefikiri chumvi ya jikoni itafaa, hapana. Haina kalsiamu wala magnesi ya bahari, na hakuna jinsi ya kuitengeneza.)

“Njo minyoo ilimuua”

Unaamka, unawasha tochi, minyoo yenye manyoya imejaa ndani ya gamba. Hasira inaeleweka, lakini aliye kwenye maiti si lazima awe muuaji. Minyoo ile kwa sehemu kubwa ni wala mizoga: imevutwa na harufu ya nyama iliyokwisha kuanza kuoza. Ukiiua yote utakuwa umewafukuza wazoaji taka wako, na aliyeua bado yumo.

Aliyeua huenda ni mdogo zaidi. Kuna konokono weupe wa jamii ya Pyramidellidae, saizi ya punje ya mchele au chini yake, wenye gamba lililochongoka. Mchana hujificha chini ya chaza, karibu na tundu anapojishikizia, usiku hupanda ukingoni na kumfyonza. Mtoe chaza polepole, mgeuze, tazama kwa miwani ya kukuzia. Ukiwaona, wabandue mmoja mmoja, sugua gamba kwa mswaki mpya pamoja na mayai yao yanayofanana na vitone vya ute, kisha urudie kila siku chache kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai uliyoyakosa yataanguliwa. Samaki mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, huwala, ila yeye naye anakuwa na njia zake. Wengine hawamgusi konokono hata mmoja.

Na kaa chini mbele ya kioo nusu saa bila kufanya kitu. Samaki wa jamii ya Centropyge wanasifika kwa uzuri, na baadhi yao hudonoa joho la chaza, ile nyama ya rangi inayotanda nje ya gamba, kila mara linapofunguka. Chaza huyo hana ugonjwa wowote. Amechoka kufungwa mchana kutwa, na bila joho kutanda hakuna mwanga unaomfikia.

“Amefunguka sana, ana raha”

Hii huua kwa upole, maana mwenyewe anapiga picha huku chaza anazimika. Kufunguka kuzuri ni joho kutanda, kunona na kufunika ukingo wa gamba. Kufunguka kubaya ni tundu la kuvutia maji kuachama, pana kuliko kawaida, hata unaona mashavu yake ya kupumulia ndani, huku joho likiwa limerudi nyuma. Huyo amelegea. Jaribu kwa kivuli: chaza wa jamii hii ana mamia ya macho madogo kwenye joho, na akiwa mzima mkono ukipita juu yake hujikunyata papo hapo. Akichelewa, au asipojali, una saa au siku, huna wiki. Ila usimfanyie mchezo huo kila mgeni akija.

“Ana njaa, tumulishe”

Mtu anaona chaza anadhoofika, anamwaga chupa ya mwani wa kijani, maji yanachafuka, amonia inapanda, chaza anakufa, na wote wanakubaliana kwamba alilishwa kwa kuchelewa.

Chaza huchuja maji, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka kwa mwani ulio ndani yake, na mwani huo unakula mwanga. Njaa ya chaza kwa kawaida ni njaa ya mwanga. Huja kwa miezi: rangi inafifia, na ukingo wa gamba hauna tena ule mstari mweupe mpya unaoonyesha kwamba anakua. Tridacna crocea na Tridacna maxima wanataka mwanga mkali kabisa. Derasa na squamosa wanavumilia mdogo kidogo. Kosa la upande wa pili nalo lipo: kumtoa kwenye boksi la safari na kumweka siku hiyohiyo chini ya taa kali ya LED. Huyo atapauka kuanzia katikati. Mwanzishe chini, au punguza taa, kisha umpandishe kwa wiki kadhaa.

Kuna kinyume kingine kinachowashangaza wapenda usafi. Mwani wa chaza unahitaji nitrojeni na fosforasi, na chaza huivuta moja kwa moja kutoka majini. Akwariamu ambayo nitrati na fosfeti zote ni sifuri tupu inaweza kumnyima. Kulisha samaki vizuri humsaidia kuliko ile chupa. Na kwa gamba lake anahitaji kalsiamu, miligramu 400 hadi 450 kwa lita, pamoja na alkalini isiyopanda leo na kushuka kesho.

“Nilimusogeza tu kidogo”

Chaza wadogo hujifunga kwenye jiwe kwa nyuzi kutoka chini ya mwili wao. Ukimvuta, nyuzi zinaweza kutoka na tezi inayozitengeneza, na jeraha hilo huua kwa siku au wiki, wakati umeshasahau ulichofanya. Kata nyuzi kwa wembe karibu na jiwe. Au tangu siku ya kwanza mkalishe juu ya kijiwe bapa, umhamishe pamoja nacho.

“Kuna dawa moja ya chaza”

Hakuna. Ipo tiba ya ugonjwa mmoja: joho linapojikunja na kubanwa sehemu moja kama kitambaa kilichokunjwa kwa pini, huku maji na taa viko sawa. Huo huambukiza chaza wengine. Watu huwaogesha chaza wote walio humo, dakika 20 hadi 30, katika maji matamu yaliyochujwa yenye joto na pH sawa na ya akwariamu. Kumwogesha hivyo chaza aliyechoka kwa joto au aliyechanika tezi ni kummalizia.

Akishakufa, mtoe saa hiyohiyo. Nyama yake inaoza upesi na amonia yake itawafuata wengine. Badili sehemu ya maji, tia mkaa mpya kwenye kichujio, soma kipimajoto chako kilifika wapi usiku. Mtu akikuletea mwingine kabla hujajua wa kwanza alikufa na nini, muulize kama karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, anazo, maana Tridacna wote wanalindwa, kisha mwambie asubiri hadi msimu wa baridi upite.