Maswali ya wazazi kuhusu dawa ya kichocho

Vidonge vikubwa wanavyopewa watoto shuleni ni vya nini?
Ni prazikwanteli, dawa ya kichocho. Minyoo wa kichocho hukaa ndani ya mishipa ya damu. Unguja na Pemba kilichopo ni kichocho cha mkojo, mtoto anakojoa damu. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna cha tumbo zaidi, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini.

Mbona wanapimwa urefu, si uzito?
Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo, na kidonge kimoja kina 600. Mtoto wa kilo 30 anameza viwili. Pasipo na mizani hutumika fimbo yenye alama: kimo chake kinaonyesha idadi ya vidonge.

Wangu alitapika, tumbo likamsokota. Si sumu hiyo?
Hapana, ingawa hofu yako naielewa. Dawa huwakakamaza minyoo na kuwaharibu ngozi, kisha kinga ya mwili inawamalizia. Mwenye minyoo wengi ndiye anayesumbuka zaidi, na kwa kawaida hali hutulia ndani ya siku moja. Tafadhali usimpeleke na njaa! Ale kwanza uji mzito, kiporo cha wali, chochote kilichopo. Vidonge ni vichungu mno, kwa hiyo avimeze na maji bila kuvitafuna.

Alikunywa mwaka jana. Kwa nini tena?
Kwa sababu dawa hii inatibu, haikingi. Inaua minyoo waliokomaa. Wachanga walioingia wiki chache kabla hunusurika. Akirudi kuoga penye konokono walioambukizwa, vijidudu vinapenya ngozi upya.

Mjamzito je?
Shirika la Afya Duniani linaikubali baada ya miezi mitatu ya kwanza, na kwa anayenyonyesha pia. Akina mama wasiachwe nyuma: kichocho hujeruhi via vya uzazi, na wengi hushukiwa bure kuwa na magonjwa ya zinaa.

Ile ya mbwa kwenye duka la mifugo ni hiyohiyo?
Kiambato ni kimoja, na kwa mbwa huua tegu. Lakini usiinywe: dozi ni nyingine, na mara nyingi imechanganywa na dawa zaidi.

Nani aseme kwanza kabla ya kumeza?
Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, na yeyote aliyewahi kupata degedege au kifafa.