Farasi Jike Akiwa Kwenye Joto: Kumshughulikia na Kujua Lini Tatizo Ni Jingine

Farasi jike anapokataa kutandikwa, anapompiga mwenzake teke katika msafara wa ufukweni, au anapolia kwa ukali kila akikaribiwa, jibu linalotolewa haraka katika mabanda mengi ya Unguja ni kwamba yuko kwenye joto, yaani katika siku za kutaka dume, na jibu hilo likishatolewa uchunguzi huishia hapo. Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni farasi na punda. Ninakubali kwamba mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini nimeona pia majike waliobeba maumivu kwa muda mrefu kwa sababu tu ukaidi wao ulikuwa umeshapata maelezo, na jambo hilo linaniuma, kwani kutofautisha hali hizi mbili hakuhitaji chombo cha gharama. Kunahitaji kalenda na mtu wa kuijaza kila siku.

Mzunguko wa farasi jike huchukua siku 21 hivi. Katika hizo, siku tano hadi saba ndizo za joto, ambapo kifuko cha yai hukua katika ovari, na yai hutoka saa 24 hadi 48 kabla ya joto kuisha. Jike aliye kwenye joto huinua mkia, huchanua miguu ya nyuma na kuchuchumaa kidogo, hukojoa kidogokidogo, na sehemu yake ya siri hufunguka na kufumba mara kwa mara. Humsogelea dume, au hata dume aliyehasiwa, na kusimama. Yai likishatoka, mahali kilipopasuka kile kifuko hutengeneza homoni ya projesteroni kwa muda wa wiki mbili hivi, na katika wiki hizo jike hamtaki dume kabisa: hulaza masikio nyuma, hulia kwa sauti kali na kurusha mateke. Kwa hiyo jike anayempiga dume mateke kwa hasira mara nyingi ndiye ambaye hayuko kwenye joto. Saisi, yaani mtunza farasi, asiyelijua hili huandika siku zisizo sahihi katika kalenda, na mpango mzima wa banda ukaharibika.

Maandishi mengi kuhusu farasi yametoka Ulaya, ambako mchana wa kipupwe ni mfupi mno na ovari za majike wengi hupumzika kwa miezi kadhaa hadi mwanga urudi. Hapa kwetu, nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Jike mwenye afya na lishe nzuri anaweza kuendelea na mzunguko wake mwaka mzima, katika kaskazi, masika, kusi na vuli. Mwenye banda la Paje au Nungwi anayeambiwa asubiri msimu upite atasubiri bure. Hali hii itarudi kila wiki tatu, na kazi lazima ipangwe kwa kuizingatia.

Ninapendekeza kalenda ya kila jike itundikwe pembeni ya jedwali la maji kujaa na kupwa. Kila banda la ufukweni tayari huishi kwa kufuata maji, kwa sababu farasi hupandwa maji yakipwa, mchanga unapokuwa mgumu na mpana, na siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, huwa na nafasi kubwa kuliko siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu. Bamvu hurudi kila wiki mbili hivi na joto kila wiki tatu, kwa hiyo kuna siku ambazo kazi nyingi na joto vitakutana, na ni vyema zijulikane mapema. Katika siku hizo jike asipewe mgeni ambaye hajawahi kushika hatamu. Ampande saisi mwenyewe au mpandaji mzoefu, na awekwe mwisho wa msafara, nyuma ya dume aliyehasiwa na mtulivu, akiachiwa nafasi ya urefu wa farasi mmoja au zaidi. Utepe mwekundu unaofungwa kwenye mkia wa farasi mwenye mateke ni desturi ya wapandaji wa Uingereza ambayo ningependa kila banda la hapa liichukue, maana ni rahisi na huzuia mguu wa mtu usivunjwe.

Kuhusu namna ya kumshika, kumpiga hakusaidii, na mimi silikubali kabisa. Fimbo humfundisha kwamba siku ambazo mwili wake unamsumbua ndizo pia siku za kuumizwa na binadamu, naye atajihami kabla hujamgusa. Hata hivyo kumwachia afanye apendavyo nako si huruma. Kanuni zake zibaki zilezile za kila siku: asimsukume saisi kwa bega, asimame anapofungwa, arudi nyuma anapoombwa. Kinachopungua ni kiasi cha kazi. Badala ya mwendo mrefu wa kufuata mstari mmoja, ambao humpa nafasi ya kuwaza madume, mpe kazi fupi zenye mageuko mengi, kusimama na kuondoka tena, na umsifu kwa sauti na kwa kumkuna shingoni anapotii. Unapompiga brashi, pita polepole kwenye kiuno na ubavuni, kwa kuwa baadhi ya majike huonyesha kuumwa sehemu hizo karibu na siku ya kutoka yai. Usisimame nyuma yake. Simama karibu na bega, mkono mmoja ukiwa juu ya mwili wake ili uuhisi ukikaza kabla ya teke.

Kama banda lina dume asiyehasiwa, fikiria upepo. Dume huvuta harufu ya mkojo wa jike, huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu, na baada ya hapo hakuna anayepumzika usiku. Banda lililokuwa tulivu wakati wa kusi linaweza kuwa na ghasia wakati wa kaskazi kwa sababu tu upepo umegeuka na sasa unapita kwa majike kwanza. Ukijenga, wazia pepo zote mbili. Na punda dume wa jirani asisahauliwe: wengi wa punda wetu wa magari hawajahasiwa, hukata kamba, na jike wa farasi akipandwa na punda atazaa baghala, ambaye kwa kawaida ni tasa. Wenye punda jike nao wajue kwamba mzunguko wake ni mrefu kidogo, siku 24 hivi, na dalili yake iliyo wazi zaidi ni kushusha kichwa na kufumbua na kufumba mdomo kama anayetafuna.

Sasa nirudi kwenye kalenda, kwa sababu ndiyo inayotoa hukumu. Jaza kwa wiki tisa, yaani mizunguko mitatu. Ikiwa siku mbaya huja kila wiki tatu na kukaa siku tano hadi saba, ni joto. Ikiwa ubaya huja kila tandiko linapokazwa, angalia mgongo na tandiko lenyewe. Ikiwa huja na kukojoa kwa shida kila wakati, kuna uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo. Ikiwa anapiga tumbo lake kwa mguu, anakonda na kuacha chakula cha punje, shuku vidonda vya tumbo, hasa kwa farasi anayepewa pumba nyingi na majani machache, kwa kuwa tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, hata likiwa tupu. Na anayekataa kazi mchana wa kaskazi huku akihema sana na ngozi ikiwa kavu huenda ameacha kutoka jasho, hali inayojulikana katika nchi za joto na unyevu. Huyo anahitaji kivuli, maji na daktari upesi.

Jike anayekuwa kama dume, akiwapanda wenzake na kushambulia watu bila kufuata siku zozote, anaweza kuwa na uvimbe wa ovari unaotoa homoni. Kipimo cha altrasaundi kupitia njia ya haja kubwa huonyesha ovari moja ikiwa kubwa na nyingine, kwa kawaida, ikiwa imesinyaa. Tiba yake ni kuikata ile iliyovimba, na majike wengi hurudia tabia yao ya kabla ya uvimbe baada ya miezi kadhaa.

Kuhusu dawa ninaulizwa sana. Altrenogesti, inayotiwa mdomoni kila siku, huzuia dalili za joto na inafanya kazi, lakini hupenya ngozi ya binadamu. Mwanamke mjamzito asiiguse kamwe, mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa ajiepushe nayo, na anayeitoa avae glavu zisizopenyeza. Sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake, ambayo baadhi ya watu huishauri kwa kuwa inapatikana kirahisi, haizuii joto la farasi. Gololi ya kioo iliyokuwa ikitiwa kwenye kizazi siishauri, kwa sababu matokeo yake hayatabiriki na zimekwisha kuonekana gololi zilizovunjika humo ndani. Kumpandisha ili atulie nako ni ahueni ya miezi kumi na moja tu ya mimba: akishazaa, joto la kwanza hurudi kati ya siku ya tano na ya kumi na mbili, na safari hii ana mtoto wa kumlinda.