"LD50 ni zaidi ya 2000": namba hii inasema nini hasa?

Kwenye maelezo ya dawa za mitishamba utakutana na sentensi ya namna hii: "Imepimwa kwa panya, LD50 yake ni zaidi ya miligramu 2000 kwa kilo, hivyo ni salama." Sehemu ya kwanza inaweza kuwa kweli tupu. Tatizo liko kwenye hiyo "hivyo".

LD50 ni dozi inayokadiriwa kuua nusu ya wanyama waliopewa. Ililetwa mwaka 1927 na mtaalamu wa dawa wa Uingereza, J. W. Trevan, ambaye shida yake ilikuwa nyingine kabisa: dawa zilizotokana na mimea na viumbe zilitofautiana nguvu kutoka chupa hadi chupa, naye alitaka kipimo cha kuzilinganisha. Alichagua nusu kwa sababu wanyama hawafanani. Yuko anayekufa kwa dozi ndogo na yuko anayestahimili kubwa mno, ila pale katikati hesabu hutulia.

Siku hizi jaribio lenyewe huenda hivi. Mmea umeshachemshwa au kulowekwa kwenye pombe, maji yake yakachujwa na kukaushwa hadi ukabaki unga. Huo ndio kiziduo. Panya amelala bila chakula usiku kucha. Asubuhi anapimwa uzito, tuseme gramu 200. Kwa dozi ya miligramu 2000 kwa kila kilo ya mwili, fungu lake ni miligramu 400, zikorogwe kwenye maji kidogo na kupelekwa moja kwa moja tumboni kwa mrija wenye ncha ya mviringo, isije ikamchubua koo. Dozi ikiingia kwenye mapafu kwa bahati mbaya, panya atakufa na mmea utasingiziwa.

Kisha anatazamwa, hasa saa nne za mwanzo, na baadaye kila siku kwa siku 14. Je, manyoya yamesimama? Anatetemeka, anatoa mate, anaharisha, amejikunyata pembeni? Uzito unashuka? Mwisho wa siku hizo anauawa bila kuteswa, apasuliwe, viungo vyake vikaguliwe.

Zamani walitumika makumi ya panya kwa kiziduo kimoja. Mwaka 2002 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo pia hutoa miongozo ya kupima kemikali, liliufuta utaratibu huo wa zamani kwenye miongozo yake. Katika mojawapo ya njia zilizobaki, panya watatu watatu hupewa dozi kwa hatua: 5, 50, 300, 2000. Wasipokufa kwenye 2000, kwa kawaida kazi inaishia hapo. Kwa hiyo "zaidi ya 2000" maana yake ni kwamba wapimaji walifika kwenye mpaka wakasimama, na hiyo LD50 haikupatikana kamwe.

Kosa jingine ni kuichukua namba ya panya na kuizidisha kwa kilo za mtu. Mwili mdogo huchakata dawa haraka kuliko mkubwa. Kwa makadirio yanayotumika sana, dozi ya panya mkubwa wa maabara hugawanywa kwa takriban 6 ndipo ilingane na ya binadamu. Tena wanaopanga dozi ya kwanza ya kujaribiwa kwa watu huanzia kwenye dozi ambayo haikumdhuru panya hata kidogo, kisha huipunguza, kwa kawaida mara kumi.

Lakini pengo kubwa ni muda. Jaribio hili ni la dozi moja, na dawa ya mitishamba hunywewa wiki na miezi. Ndiyo maana kuna majaribio ya siku 28 na ya siku 90, ambapo panya hupewa dozi kila siku, damu ikapimwa vimeng'enya vya ini na kreatinini, taka ambayo hujaa kwenye damu figo zikishindwa kuichuja, na vipande vyembamba vya viungo hivyo vikatazamwa kwa hadubini. Athari kwa mimba na kwa vinasaba zina vipimo vyake pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza uzito walianza kuharibikiwa figo. Ndani ya vidonge hivyo, mzizi mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, mimea yenye sumu inayodhuru figo. Wengi walikuwa wamevimeza kwa miezi kabla ya dalili kujitokeza, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.