Moyo Unapodunda Bila Kukimbia: Mazoezi na Msongo wa Mawazo kwa Vijana Wakati wa Janga

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba ugonjwa wa UVIKO-19 umefikia hatua ya janga la dunia, baadhi ya nchi zilikuwa tayari zimeanza kufunga shule. Kufikia Aprili, kwa hesabu za UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa wamekaa nyumbani. Wakubwa tukaanza kuhesabu hasara: vipindi vilivyopotea, mitihani iliyoahirishwa, silabasi isiyokwisha. Hatua za miguu hatukuzihesabu. Kutembea kwenda shule, kukimbia kuwahi kengele, kupanda ngazi, kufukuzana wakati wa mapumziko, kucheza mpira jioni kabla ya kurudi nyumbani, yote hayo yalikuwa mazoezi ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Yalipotoweka kwa siku moja, wengi hatukugundua kwamba kijana amenyang'anywa kitu.

Hali yenyewe haikuwa nzuri hata kabla ya hapo. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146, zilizochapishwa mwaka 2019, zilionesha kwamba kati ya kila vijana 100 wa shule wenye umri wa miaka 11 hadi 17, vijana 81 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa. Kwa wasichana walikuwa 85, kwa wavulana 78. Janga liliwakuta tayari wamekaa. Kisha Machi 2022 WHO ikatoa taarifa kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi uliopitiliza na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake ndio walioumia zaidi.

Sisemi kwamba kukosa mazoezi ndiko kulikoleta yote hayo. Kulikuwa na misiba, upweke, kipato kilichokatika na mustakabali usioeleweka. Ninachosema ni kwamba kijana aliongezewa mzigo siku ileile aliyopokonywa njia mojawapo kubwa ya kuutua.

Mchukue kijana wa miaka 16, saa saba za usiku, amelala kitandani na simu mkononi. Anasoma habari za vifo. Ubongo wake hautofautishi sana kati ya habari hizo na hatari iliyosimama mlangoni. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, homoni ya kushtuka, na baada ya muda mfupi kotisoli, homoni ya msongo, inafuata. Moyo unaongeza kasi. Ini linaachia sukari kwenye damu. Pumzi zinakuwa fupi, misuli ya shingo na mabega inakaza. Maandalizi yote haya yana kusudi moja, nalo ni kuuwezesha mwili kukimbia au kupambana. Sasa kijana huyu akimbilie wapi? Kirusi hakionekani, hakifukuziki, na mlango umefungwa kwa amri. Sukari haikutumika, misuli imebaki imekaza, na usingizi hauji. Usiku mmoja wa namna hiyo haumdhuru mtu. Ukijirudia kwa miezi, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, hasira zinakuwa karibu, na masomo hayaingii.

Kuna jambo jingine lililowatesa vijana wengi wakati ule, nalo halizungumzwi vya kutosha. Moyo kwenda mbio, kifua kubana na pumzi kukatika ni dalili za hofu. Lakini kukosa pumzi ndiyo dalili iliyokuwa ikitajwa kila siku kuwa ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kijana anahofu, anausikia moyo wake ukidunda, anadhani ameambukizwa, hofu inapanda, moyo unadunda zaidi. Anazunguka humohumo hadi kunapambazuka.

Hapo ndipo mazoezi yanapomsaidia kwa namna ambayo maneno ya kutuliza hayawezi. Mwambie aruke kamba kwa dakika mbili. Moyo utadunda, jasho litatoka, atahema. Kisha asimame, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 15. Baada ya dakika mbili ahesabu tena. Idadi imeshuka. Ameuona moyo wake ukienda mbio bila hatari yoyote, na ameuona ukirudi wenyewe. Akifanya hivyo siku baada ya siku, mwili wake unajifunza kwamba kudunda kwa moyo si habari ya kifo. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa ambalo mazoezi humpa kijana mwenye wasiwasi, kubwa kuliko ile kauli tuliyoizoea kwamba mazoezi "huleta furaha".

Ni kweli pia kwamba wakati wa zoezi zito kotisoli hupanda kidogo. Hilo lisimtishe mtu. Inapanda, kisha inashuka zoezi likiisha, na mwili uliozoea mazoezi hutulia haraka zaidi baada ya kushtuka. Misuli iliyofanya kazi hulegea yenyewe. Usingizi nao huja kwa urahisi, hasa kwa aliyetoka nje asubuhi na kupata mwanga wa jua, maana mwanga huo ndio unaorekebisha saa ya mwili ambayo kwa vijana huwa tayari inachelewa.

Kiwango ni kipi? Mwongozo wa WHO wa Novemba 2020 unashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya nguvu, pamoja na yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Kuanzia miaka 18 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Naomba namba hizi zisigeuzwe fimbo. Mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na dakika hizo zinaweza kugawanywa. Kijana ambaye hajainuka kitandani kwa wiki mbili aanze na dakika 5. Kipimo cha nguvu hakihitaji kifaa: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hilo ni zoezi la wastani, ukiweza kutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, hilo ni kali.

Nafasi ya kutandika mkeka inatosha. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani kwa anayeanza na za sakafuni kwa aliyezoea, kuruka kamba au kuigiza kuruka ikiwa hakuna kamba, kucheza muziki mpaka shati lilowe. Muda uwe uleule kila siku, kwa sababu kilichovunjika wakati shule zimefungwa ni mpangilio wa siku, na zoezi la saa fulani linaurudisha. Mazoezi makali yasisogezwe karibu na kulala.

Mwenye homa apumzike. Aliyeugua UVIKO-19 arudi taratibu, na akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuzimia au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, aache na amwone daktari. Wapo pia ambao uchovu wao huzidi siku ya pili kila wanapojitahidi. Hao wasilazimishwe, wanahitaji uangalizi wa kitaalamu. Na kuna ishara moja ambayo wazazi huisifu kwa makosa: kijana anayefanya mazoezi kwa kujificha, usiku wa manane, akijiadhibu kwa kila alichokula. Matatizo ya ulaji yaliongezeka kwa vijana wakati wa janga, na huyo anahitaji msaada mapema. Anayezungumzia kujidhuru au kutotamani kuishi apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kamba ya kuruka haitibu hilo.

Wanaotunga amri za kufunga nao wana sehemu yao. Machi 2020 Uingereza iliruhusu watu kutoka nje mara moja kwa siku kufanya mazoezi. Hispania haikuwaruhusu watoto kutoka nje mpaka Aprili 26, takribani wiki sita, na hata hapo ilikuwa saa moja kwa siku, karibu na nyumbani, wakiwa na mtu mzima. Sidharau uzito wa maamuzi yale, hospitali zilikuwa zinafurika. Lakini mpango wowote wa dharura wa siku zijazo unaoeleza wanafunzi watasomaje bila kueleza watatembea na kucheza saa ngapi na wapi, haujakamilika. Uwataje wasichana waziwazi, kwani kufunga shule kuliwaongezea wengi wao kazi za nyumbani. Kudeki kunatoa jasho, ni kweli, ila si mchezo na hakumpi rafiki.

Kwa mzazi au mlezi nina ombi moja. Usimwamrishe kijana afanye mazoezi. Vaa viatu, umwambie unatoka kutembea na ungependa mwende pamoja. Mkitembea bega kwa bega hamtazamani machoni, na vijana wengi huona ni rahisi kuongea hivyo kuliko mezani. Dakika kumi za kwanza huenda asiseme kitu. Usizijaze kwa maswali.