Haki, ngumi na bakuli la wali: wanawake wa China

Nafundisha Kichina, na kila muhula kuna siku naandika ubaoni herufi mbili, 权 na 拳. Zote zinatamkwa quan. Ya kwanza ni haki, au mamlaka. Ukiitanguliza nü, yaani mwanamke, unapata nüquan, jina ambalo harakati za wanawake zimelibeba tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ya pili ni ngumi. Mtandaoni wanaozichukia harakati hizo huandika ile ya ngumi makusudi. Sauti ni ileile, tusi limeshaingia.

Wanaodai kwamba mambo haya yaliletwa juzi kutoka Magharibi wanamsahau Qiu Jin, mwanamapinduzi wa kike. Alifungua miguu yake iliyofungwa tangu utotoni ili ibaki midogo, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana, akaenda kusoma Japani mwaka 1904, akarudi kuanzisha jarida la wanawake Shanghai. Julai 1907 utawala wa kifalme wa Qing ulimkata kichwa huko Shaoxing.

Ikaja Sheria ya Ndoa ya 1950, iliyopiga marufuku ndoa za kulazimishwa na usuria, na kumpa mwanamke haki ya kudai talaka. Siidharau hata kidogo. Ila haki iliyoshuka kutoka kwa Chama cha Kikomunisti kinachotawala, Chama ndicho kinachoshika ufunguo wake: tangu 2021 wanandoa waliokubaliana kuachana lazima wasubiri siku 30 kwanza.

Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, uliofanyika Beijing 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama yetu Gertrude Mongella, uliwapa wanawake wa China nafasi ya kukaa na wenzao wa dunia nzima. Vikundi vya kiraia vikachipuka, na kipigo cha nyumbani kikaanza kusemwa hadharani. Sheria ya kukizuia ilianza kutumika Machi 2016. Miaka 20 na ushei!

Mwaka mmoja kabla yake, wanaharakati vijana watano waliwekwa ndani siku 37 kwa kupanga kugawa stika za kupinga wanawake kushikwashikwa kwenye mabasi na treni. Stika tu. Sheria za nchi yao zenyewe zilikuwa zinakataza udhalilishaji huo. Kosa lao ni kujipanga bila kutumwa. Mpaka leo linaniuma.

Mwaka 2018, maneno ya “Me Too” (“mimi pia”), kaulimbiu ya wanawake wanaofichua udhalilishaji wa kingono, yalipoanza kufutwa mtandaoni, wanawake waliandika maneno ya Kichina yenye sauti hiyohiyo, mi tu, yaani mchele na sungura, wakabandika picha ya bakuli la wali na ya sungura. Huang Xueqin, mwanahabari aliyewasaidia kusimulia yaliyowakuta, alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwezi Juni 2024.